Nyuzi 15 Zilizopunguzwa Verona

Kuunguza uvimbe kwenye ini ni kazi iliyozoeleka. Daktari huchoma sindano, hupitisha umeme wa masafa ya redio, nyama inaiva, na akizidisha nusu sentimita ini linavumilia. Kongosho halina uvumilivu huo. Kichwa chake kimekumbatiwa na duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Mrija wa nyongo unapita humo humo, na nyuma yake ipo veni kubwa inayopeleka damu kwenye ini, jirani na ateri inayolisha utumbo. Tena limejaa vimeng'enya: ukilijeruhi, huanza kujisaga lenyewe.

Ndiyo maana ripoti ya wapasuaji wa Verona, Italia, iliyochapishwa mwaka 2010, nimeirudia mara kadhaa. Roberto Girelli na wenzake walieleza habari za wagonjwa 50 ambao saratani yao ya kongosho ilikuwa imeng'ang'ania mishipa mikubwa hata haiondoleki kwa kisu, ingawa haijasambaa mbali. Walifungua tumbo, wakaupima uvimbe kwa ultrasaundi iliyowekwa juu ya kongosho lenyewe, kisha wakaingiza sindano. Wakati wa kuunguza, maji baridi ya chumvi yalitiririka kupitia mrija wa puani hadi kwenye duodeni, ukuta wake usije ukaiva pamoja na uvimbe.

Mwanzoni joto lilipandishwa hadi nyuzi 105 za Selsiasi. Kati ya wagonjwa 25, 10 walipata madhara tumboni. Wakashusha hadi 90. Kati ya 25 wengine, walioathirika walikuwa 2. Mgonjwa mmoja kati ya wote 50 alifariki ndani ya siku 30.

Kwa nini nyuzi 15 tu zilete tofauti hiyo? Seli hufa papo hapo joto likishapita 60 hivi, kwa hiyo 90 inaua vya kutosha. Ukivuka 100, maji yaliyomo ndani ya nyama huchemka, na mvuke haujui mpaka wa uvimbe ni upi.

Lakini nisingezipa nyuzi hizo sifa yote. Kundi la pili halikupatikana kwa kura: lilikuja baadaye, mikono ya wapasuaji ikiwa imeshazoea. Isitoshe, ni nusu tu ya madhara yaliyohusishwa moja kwa moja na kuunguza. Wagonjwa wengi walitengenezewa pia njia ya kando ya nyongo au chakula siku hiyo hiyo, na mshono wa utumbo nao huvuja.

Ninachokiamini zaidi ni kile walichokiacha makusudi. Sindano haikusogezwa hadi kwenye ateri. Ukingo wa saratani ulibaki hai pale pale iliposhikana na mshipa, kwani kuumaliza kungemmaliza mgonjwa.

Wengine wameuacha moto kabisa. Kwa umeme wa mipigo mifupi mno, kama volti 1,500 kwa kila sentimita kati ya sindano mbili, utando wa seli hutobolewa, huku kuta za mishipa kwa kawaida zikisalimika. Hapo hatari huhamia kwingine: mipigo sharti ifuatane na mapigo ya moyo, na misuli ilegezwe kwa dawa mgonjwa asirukeruke mezani. Jaribio la CROSSFIRE la Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2024, liliupambanisha umeme huo na mionzi inayolengwa kwa MRI. Nusu ya waliopata umeme walifikisha miezi 12.5 wakiwa hai; nusu ya waliopata mionzi, miezi 16.1.