Nani Asikike? Namna Sauti za Filamu ya Nashville Zilivyonaswa

Mgombea urais Hal Phillip Walker haonekani hata mara moja katika Nashville, filamu ya Robert Altman iliyotoka mwaka 1975. Kinachoonekana ni gari lake la matangazo. Linatoka gereji filamu inapoanza, kisha kwa siku tano linazunguka mitaani mwa Nashville, jiji la Marekani linalojulikana kwa muziki wa country, likinadi sera: makanisa yatozwe kodi, wanasheria waondolewe Kongresi, wimbo wa taifa ubadilishwe. Hotuba hizo ziliandikwa na kusomwa na Thomas Hal Phillips, mwandishi wa riwaya kutoka Mississippi. Watu hawasimami kumsikiliza. Wanaendelea na umbea wao, mapenzi yao na biashara zao, na sauti ya mgombea inawapita. Siasa ya filamu nzima imo humo, na waliowezesha iwe hivyo ni mafundi wa sauti.

Wahusika wakuu ni 24, na filamu inachukua karibu dakika 160. Kwa mtindo uliozoeleka wakati huo, kipaza sauti kilining'inizwa juu ya vichwa vya waigizaji, nao wakapokezana maneno: mmoja akimaliza ndipo mwingine aanze. Umati wa watu 24 ungekufa kwa utaratibu huo. Altman alitumia mfumo wa kunasa sauti kwa mikondo minane iliyotenganishwa, ambao alikuwa ameshaufanyia kazi katika California Split ya 1974. Waigizaji walivishwa vipaza sauti vidogo visivyo na waya, vikafichwa ndani ya nguo, na fundi Jim Webb akazipokea sauti zao kila moja kwenye mkondo wake. Muziki nao ulitengewa mikondo mingine 16.

Faida ya kwanza ni dhahiri: watu wanaweza kuongea kwa pamoja, wakakatizana, na bado kila neno likawa limehifadhiwa. Ya pili inahusu kamera. Kwa kuwa sauti haikutegemea tena ukaribu wa kamera, mpigapicha Paul Lohmann aliweza kukaa mbali na kuwavuta watu kwa lenzi kutoka katikati ya umati. Mwigizaji hakuwa na uhakika kama ni yeye anayechukuliwa wakati huo, hivyo ilimbidi aishi uhusika wake muda wote. Lakini faida kubwa kuliko zote ni kwamba swali la nani asikike halikulazimika kujibiwa papo hapo. Lilisubiri chumba cha kuchanganyia sauti, ambako Altman angeweza kupandisha mnong'ono na kushusha kelele.

Itazame sehemu ya uwanja wa ndege. Mwimbaji kipenzi Barbara Jean anarudi mjini baada ya matibabu ya majeraha ya moto. Bendi inapiga, mtangazaji wa televisheni anasimulia, mashabiki wanashangilia, na ndani ya jengo watu wengine wana shughuli zao. Hakuna anayetutambulisha kwa mtu. Tunamjua kila mmoja kwa kipande cha sentensi tulichokidaka, jinsi tunavyowajua watu kwenye umati wa kweli. Joan Tewkesbury, mwandishi wa filamu, alitumwa Nashville mapema akaweka shajara ya aliyoyaona, na ule mwendo wa kuokota habari njiani umebaki ndani ya filamu.

Nyimbo nyingi zilitungwa na waigizaji wenyewe na kuimbwa moja kwa moja mbele ya kamera. Wanamuziki wa Nashville walilalamika kwamba huo si muziki wao, na kwa baadhi ya nyimbo nakubaliana nao. Ila Ronee Blakley, aliyeigiza Barbara Jean, ni msanii hasa. Kuna onyesho ambalo kila bendi inapoanza wimbo, yeye anaisimamisha na kurudi kwenye hadithi za utoto wake, hadi mumewe anamwondoa jukwaani. Maneno hayo aliyaandika mwenyewe. Vyombo vinavyoanza na kukatika vinatuonyesha kwa uwazi zaidi akili inayoporomoka kuliko machozi yoyote.

Kisha ipo klabu. Tom, aliyeigizwa na Keith Carradine, anaimba wimbo ulioshinda tuzo ya Oscar, na wanawake wanne ukumbini kila mmoja anadhani anaimbiwa yeye. Makelele yametulia. Lenzi inamsogelea polepole Linnea, yaani Lily Tomlin, aliyekaa nyuma kabisa bila kutikisika. Utulivu huo una nguvu kwa sababu masikio yetu yameshachoshwa. Na Linnea ndiye mwenye watoto wawili viziwi, anayezungumza nao kwa ishara huku mumewe akiwa haambulii kitu. Katika filamu iliyojaa wasemaji, Altman amempa huyu kazi ya kusikiliza.

Upigaji picha ulifanyika majira ya joto ya 1974, na Rais Nixon wa Marekani alijiuzulu Agosti kabla haujakamilika. Filamu yenyewe nayo inafungwa na siasa: mwisho unatokea kwenye bustani ya Centennial, mbele ya Parthenon ya Nashville, nakala ya hekalu la kale la Ugiriki, katika mkutano wa kampeni chini ya bendera kubwa ya Marekani. Barbara Jean anapigwa risasi. Filamu haielezi kijana aliyefyatua alitaka nini, nami naona ni uamuzi sahihi. Kipaza sauti kinahamia mikononi mwa Albuquerque, mwanamke aliyehangaika filamu nzima kutafuta nafasi ya kuimba, na umati unamwitikia kiitikio kabla damu haijakauka.

Ukiitafuta filamu hii, isikilize kwa spika nzuri au vifaa vya masikioni, na ukiweza zima maandishi ya chini ya skrini. Maandishi hayo humchagua msemaji mmoja kwa niaba yako, na Altman alikuachia wewe uchague.