Mpime Fundi Kabla Hajashika Spana

Kazi ya kuzuia uvujaji wa oili kwenye injini ya zamani hupimwa pasipo pake. Mwenye gari huchungulia chini, akiona pakavu analipa na kushukuru. Lakini hata injini iliyopakwa silikoni kwa nje hukauka kwa muda. Ubora wa fundi huonekana mapema zaidi: anaosha injini, anaiwasha mpaka ipate moto, kisha anatafuta unyevu ulio juu kabisa, si tone linaloanguka.

Chukua Land Rover Series III, iliyoanza kuuzwa 1971, yenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Oili ikitoka kwenye gasketi ya tapeti kava huteremka ubavuni mwa bloku, upepo wa feni na wa mwendo ukaisukuma nyuma, ikadondoka karibu na klachi. Fundi mwenye pupa huilaumu sili ya nyuma ya krankshafti, akashusha giaboksi bure. Au tazama sampu, ambayo ni ya bati: bolti zikikazwa kupita kiasi, bati huvutwa kuzunguka kila tundu na ukingo wote ukawa mawimbi. Gasketi mpya juu ya mawimbi hayo ni hasara. Fundi stadi huweka rula ya chuma ukingoni, akiona mwanga unapita, anaunyoosha kwa nyundo kwanza. Tena hukagua njia ya kupumulia, kwa kuwa ikiziba, hewa inayopenya kando ya pistoni hujaa ndani na kuisukuma oili itokee popote palipo dhaifu, hata kwenye sili mpya.

Wapo watakaosema Land Rover zote kuukuu huvuja, basi kwa nini kuhangaika? Hoja hiyo ina ukweli wake. Chini ya nyumba ya klachi waundaji waliacha tundu makusudi, oili itoke badala ya kulowesha klachi. Tone dogo hapo laweza kusubiri hadi klachi itakapobadilishwa. Ila oili inayodondokea bomba la ekzosi haisubiri, maana inaweza kuwasha moto. Kuzitofautisha hizo mbili ndio ufundi wenyewe.

Kwa hiyo muulize fundi wako oili inatokea wapi na kwa nini. Asipokuonyesha kwa kidole, usimruhusu afungue hata bolti moja.