Ugumu, Ukali na Ulaji: Uchambuzi wa Istilahi Tatu

Miongoni mwa dhana za ufundi ambazo bado hazijapata istilahi iliyo imara ni ile tabia ya mwamba au udongo ya kula chombo kinachoupasua. Katika tafsiri zilizotupitia mikononi, dhana hii imeitwa ugumu, mara nyingine ukali, na mara nyingine ulaji. Tumeyapima maneno haya, nasi tunaona kwamba hakuna hata moja linalotosha.

Tuanze na ugumu. Mkulima wa Rutamba, mkoani Lindi, akilima penye mchanga hapati taabu ya kuzamisha jembe, kwani udongo ni tifutifu. Hata hivyo jembe hulika upesi. Sababu ni punje za kwatzi, ambazo katika mizani aliyoitunga Friedrich Mohs mwaka 1812 zina ugumu wa 7, kadiri ambayo chuma cha jembe la kawaida hakiifikii. Kinyume chake, mawe ya matumbawe yaliyojengewa Kilwa Kisiwani ni ya chokaa, ambayo ugumu wake ni kati ya 3 na 4. Basi punje yaweza kuwa ngumu na udongo wenyewe usiwe mgumu. Mfasiri aandikapo "udongo mgumu", ofisa wa ununuzi ataagiza majembe mazito ya kuvunjia mabonge, mahali panapohitaji chuma kinachostahimili mkwaruzo. Hasara itamwangukia mkulima.

Ukali nao ni sifa ya makali. Jembe likinolewa huwa kali. Udongo ndio unaouondoa ukali huo. Kuuita udongo mkali ni kumpa mwizi jina la mwenye mali.

Ulaji una asili njema, maana watu husema jembe limeliwa na mchanga. Lakini "ulaji wa udongo" utafahamika kuwa ni ile desturi ya kula udongo waliyo nayo baadhi ya wajawazito.

Tukitazama namna jambo hili linavyopimwa, njia inafunguka. Katika kipimo cha Cerchar, kilichoanzia Ufaransa, ncha ya pini ya chuma cha pua huburutwa juu ya mwamba kwa milimita 10, ikikandamizwa kwa nguvu ya niutoni 70. Kisha hupimwa upana wa sehemu ya ncha iliyolika: kila sehemu moja ya kumi ya milimita huhesabiwa kuwa 1. Hapa pana mambo mawili, yaani kikwaruzacho na kilikacho, na kila kimoja chastahili jina lake.

Kwa hiyo tunapendekeza tabia ya mwamba au udongo iitwe ukwaruzi, kutokana na kwaruza, kama uongozi ulivyotokana na ongoza. Linalokipata chombo tuliite kulika kwa mkwaruzo, ili lisichanganywe na kulika kwa kutu. Hatudai kwamba neno ukwaruzi ni tamu masikioni. Lakini seremala aliyesugua mbao kwa majani ya msasa, kisha akaipa karatasi ya kiwandani jina la mti ule ule, ametuonyesha kwamba istilahi hudumu ikiwa imetoka kazini. Walimu na wafasiri walijaribu neno hili kwanza kwa wenye majembe, kabla halijaingizwa katika orodha.