Sumu mbili ndani ya vumbi moja la ghalani

Mkulima wa Msalato anayenunua vumbi la Actellic Super ili kuhifadhi mahindi ananunua sumu mbili kwa mpigo: pirimifosi-methili asilimia 1.6 na perimethrini asilimia 0.3. Sababu ya kuziweka pamoja ilianzia hapa hapa Tanzania.

Zamani msumbufu mkuu wa ghalani alikuwa fukusi, na pirimifosi ilimtosha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akazuka Tabora dumuzi kutoka Amerika ya Kati, ambaye wakulima walimbatiza Scania. Huyu huvamia hindi likiwa bado na maganda, akaacha matundu ya mviringo na unga tele. Pirimifosi peke yake haikumweza. Perimethrini ilimweza, lakini fukusi akaihimili. Ikabidi ziunganishwe.

Kila sumu huvuruga neva kwa njia yake. Kwa kawaida neva moja humwaga asetilikolini ili kuiamsha nyingine, kisha kimeng'enya huifagia. Pirimifosi humfunga mikono mfagiaji huyo. Asetilikolini ikarundikana, neva zikawaka bila kupumzika. Perimethrini haimgusi. Yenyewe huzuia milango ya sodiamu isifungwe, na mshtuko wa umeme ukajirudia kwenye neva.

Sumu hupenya ganda la mwili, na nyingine humezwa pamoja na unga. Mbele ya ubongo wa mdudu, juu ya koo lake, lipo fundo dogo la neva linaloongoza umezaji. Mawasiliano ya neva yakivurugika, miguu hulegea na kula hukoma.

Hata hivyo, kemia ilikuwa nusu ya kazi. Wengi walihifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi, na humo vumbi halifiki alipojichimbia dumuzi. Tena punje zilizobanana kwenye gunzi humpa pa kujikita anapotoboa. Ndiyo maana mabwana shamba wakahimiza wakulima wapukuchue kwanza, ndipo wachanganye vumbi na punje.

Kwa hiyo anayenyunyizia magunzi, au anayenunua vumbi lenye kiambata kimoja kwa kuwa ni rahisi, anamwachia mmoja wa wadudu hao karamu. Na anayezidisha kipimo akidhani anajihami akumbuke kwamba kimeng'enya kinachofungwa na pirimifosi hata sisi tunacho. Kipimo na siku za kusubiri kabla ya kula vimeandikwa kwenye pakiti. Visomwe kabla ya kuifungua.