Herufi isiyotamkwa: dhambi na ishara katika riwaya ya Nathaniel Hawthorne

1. Utangulizi

Riwaya ya Nathaniel Hawthorne iitwayo The Scarlet Letter, yaani "Herufi Nyekundu", ilitolewa Boston mwaka 1850. Tangu hapo imesomwa shuleni na vyuoni kama kielelezo cha riwaya ya ishara, na mara nyingi msomaji hufundishwa kuandika orodha tu: herufi A ni uzinzi, msitu ni uhuru, mwaridi ulioota mlangoni mwa gereza ni huruma. Orodha ikikamilika, kitabu hufungwa. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba usomaji wa namna hiyo ndio ule ule wa mahakimu ambao riwaya yenyewe inawahukumu. Nao walidhani kuwa ishara moja ina maana moja, na kwamba maana hiyo ni mali ya yule aliyeitoa.

2. Wapuritani, wasomaji wa dalili

Koloni la Massachusetts Bay lilijengwa na Wapuritani, wengi wao wakiwa wamevuka bahari pamoja na John Winthrop mwaka 1630. Walishika mafundisho ya Calvin: wokovu umekwisha kuamuliwa na Mungu, wala haununuliwi kwa matendo. Kwa kuwa hakuna aliyejua fungu lake, kila mmoja alitafuta dalili. Ugonjwa, ukame, kimondo, kifo cha mtoto, yote yalikuwa maandishi ya Mungu yaliyongoja msomaji. Jamii iliyozoea kusoma mbingu hivyo haikuona taabu kusoma pia mioyo ya jirani.

Sheria zilifuata imani hiyo. Uzinzi ulikuwa kosa la kufa, na mwaka 1644 Mary Latham na James Britton walinyongwa kwa ajili yake. Koloni jirani la Plymouth liliagiza mwaka 1658 kwamba wazinzi washonewe herufi kwenye nguo zao. Massachusetts nayo ikatoa sheria ya namna hiyo mwaka 1694. Hawthorne, anayeweka hadithi yake katika miaka ya 1640, alitangulia tarehe, lakini adhabu yenyewe hakuizua.

Tena mambo hayo yalikuwa ya nyumbani kwake. Alizaliwa Salem mwaka 1804, katika ukoo wa William Hathorne, aliyewatesa waumini wa madhehebu ya Quaker, na wa John Hathorne, mmoja wa mahakimu wa kesi za uchawi za mwaka 1692, ambazo watu 19 walinyongwa kwazo. Katika sura ya utangulizi, inayohusu ofisi ya forodha alikofanya kazi, mwandishi anajitwika aibu ya wazee hao. Kwa hiyo, kabla Hester Prynne hajatoka gerezani na kitoto chake kifuani, msomaji amekwisha kuonyeshwa kuwa hakimu naye ana doa.

3. Herufi yawatoroka wenyewe

Hester anahukumiwa kusimama jukwaani saa tatu mbele ya umma, kisha kuvaa herufi A maisha yake yote. Jambo la kwanza analofanya ni kuitarizi kwa uzi wa dhahabu. Hakubishana na hukumu. Aliipamba, na kwa kuipamba akaanza kuifanya yake. Hapo ndipo mahakimu walipopoteza walichodhani wanakimiliki.

Tangu wakati huo kila jicho husoma vingine. Katika deraya ya chuma nyumbani kwa Gavana Bellingham, herufi yaonekana kubwa hata mwanamke mwenyewe afichwa nyuma yake: ndivyo dola limwonavyo. Baada ya miaka ya kuuguza wagonjwa na kulisha maskini, wenyeji wa mji wasema A hiyo ni ya mtu mwenye uwezo. Wenyeji asilia wa nchi ile, wajapo mjini siku ya sikukuu, wadhani mvaaji wa pambo zuri kama lile ni mkuu fulani kati ya watu wake. Naye Pearl, mtoto aliyezaliwa na tendo lile, akataa kumkaribia mama yake msituni mpaka airudishe herufi kifuani, kwa kuwa hajapata kumjua mama bila hiyo.

Henry James, katika kitabu chake cha mwaka 1879 juu ya Hawthorne, alilalamika kuwa ishara zimezidi, na akataja hasa kimondo kinachochora A angani. Lawama hiyo haikosi msingi, ila imepitiwa na jambo. Msimuliaji hasemi kuwa mbingu imeandika. Asema kuwa mchungaji Dimmesdale, mwenye hatia iliyofichika, ndivyo alivyoona. Asubuhi mtunza kanisa aieleza A ile ile kuwa ya malaika, kwa sababu Gavana Winthrop alifariki usiku huo. Kinachopimwa hapo ni macho ya watazamaji.

4. Dhambi iko wapi?

Ikiwa ishara haina mwenyewe mmoja, dhambi nayo haiwezi kupimwa kwa sheria peke yake. Hester na Dimmesdale wametenda tendo moja, lakini mmoja amelibeba hadharani akaishi, mwingine amelificha likamla. Tena Dimmesdale hakunyamaza kabisa. Akiwa mimbarini alijitangaza kuwa mkosefu kupita wote, na waumini wakazidi kumwona mtakatifu. Maneno yalikuwa ya kweli, nayo yakafanya kazi ya uongo, kwa sababu hayakutaja kitu chochote kwa jina.

Wa tatu, Roger Chillingworth, hakuvunja amri yoyote ambayo mahakama ingeweza kuisoma. Ni mume aliyekosewa, na ni mganga. Hata hivyo Dimmesdale amwona mbaya kuliko wote wawili, maana aliingia katika moyo wa mtu mwingine kwa makusudi, bila hasira wala huruma, akauchokonoa. Kosa lake ni lile la mji mzima lililofikishwa mwisho: tamaa ya kumsoma binadamu hata asibaki na siri.

5. Herufi A katika Kiswahili

Neno lenyewe la Kiingereza lenye maana ya uzinzi halitajwi hata mara moja katika riwaya. Herufi yasimama mahali pa neno lisilotamkwa. Mfasiri wa Kiswahili atakayemtia msimuliaji kinywani neno "uzinzi" atakuwa amefanya kazi ya mahakimu.

Kifaransa kina bahati, kwani uzinzi na malaika kwa lugha hiyo huanza kwa A. Kiswahili chaweza kutumia "asherati", ingawa neno hilo ni pana kuliko kuvunja ndoa. Lakini "malaika" lapotea. Hata hivyo Kiswahili kina utajiri mwingine. A- ndiyo kiambishi cha nafsi ya tatu umoja: alizini, aliuguza, aweza, apenda. Mswahili anayeiona A kifuani pa Hester hukutana kwanza na mtu, kabla ya kujua tendo. Hayo ndiyo riwaya inayojitahidi kuyasema kwa kurasa nyingi.

6. Hitimisho

Mwishoni Hester arudi kutoka ng'ambo na kuivaa herufi tena, bila kulazimishwa na hakimu yeyote. Sacvan Bercovitch, katika uchambuzi wake wa mwaka 1991, aliona hapo ushindi wa jamii: ishara imemfundisha mwasi kuridhia. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa, kwa kuwa Hester kweli anaacha ndoto yake ya kuwa nabii wa wanawake. Lakini wanawake wenye majeraha ya moyo wamwendea kwa ushauri, na hawaendi kwa gavana. Kilichotolewa kama fimbo kimekuwa mlango.

Walioshuhudia kifo cha Dimmesdale hawakupatana juu ya walichokiona kifuani pake. Wengine waliapa kuwa hapakuwa na kitu. Hawthorne hakuwapatanisha. Mwalimu anayemdai mwanafunzi jibu moja juu ya herufi A na akumbuke kuwa katika kitabu hiki waliokuwa na jibu moja ni wale waliojenga jukwaa.