Kaure, Zidaka na Hadhi ya Mtu katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaohesabiwa kuwa wa mwanzo wa karne ya 19, umezoeleka kusomwa kama waadhi juu ya ghururi ya dunia. Usomaji huo si wa makosa, bali haujakamilika. Utenzi huu pia wachambua jinsi watu wa mjini walivyopima hadhi ya mtu kwa vitu alivyokuwa navyo.

Katika majumba ya mawe ya Pate na Lamu, safu za zidaka zilitengenezwa kwa chokaa katika kuta za ndani, na humo vikapangwa vyombo vya kaure kutoka Uchina. Sahani iliyowekwa kidakani haikukusudiwa kupakuliwa chakula, ilikusudiwa kutazamwa. Thamani yake ilikuwa katika jicho la mgeni aliyejua imetoka mbali kiasi gani.

Mshairi aufahamu vyema utaratibu huu. Anapoonyesha makinda ya ndege yamelala zidakani, haombolezi mali peke yake. Aonyesha kwamba waliokuwa wakiitazama na kuisifu hawapo tena. Tajiri wa Pate alitembea kwa maringo kwa kuwa palikuwa na macho ya kumfuata. Macho hayo yalipofumba, hadhi nayo ikatoweka.

Hata hivyo, mshairi hakuepukana kabisa na kipimo anachokivunja. Wakubwa wa Pate huwataja kwa majina, baadhi yao wakiwa jamaa zake mwenyewe. Wahudumu waliowapepea vitandani hawana jina. Wamewekwa pamoja na taa na mito, kana kwamba nao ni pambo la chumba. Hapo mtu angali ahesabiwa miongoni mwa vyombo. Ubeti unaomlilia bwana haumlilii aliyempepea, ingawa kaburi limewapokea wote wawili.

Mwalimu anayewasomesha wanafunzi Al-Inkishafi kama waadhi tu huyapita haya yote, na huupunguzia utenzi uzito wake. Sayyid Abdalla afichua kwamba hadhi ni mkopo unaotolewa na watazamaji. Lakini utenzi wake wenyewe washuhudia jambo zito zaidi: kaure yaweza kuvunjika na nyumba ikaanguka, na kipimo kilichotumiwa kuwapanga watu kikabaki kizima.