Juu ya Neno "Quería" la Kihispania

Wafasiri wengi wa Kihispania wameshika kanuni moja: kila waonapo kitenzi cha wakati uliopita usiotimia, huandika "alikuwa aki-". Kanuni hii ni nyepesi kukumbukwa, walakini twaona haitoshi, na katika kitenzi querer, yaani kutaka, yaweza kumpoteza mtu kabisa.

Husemwa kwamba umbo hilo laonyesha jambo lililodumu sana. Sivyo. Felipe wa Pili alitawala Hispania tangu 1556 hata 1598, na Mhispania aitajaye miaka hiyo 42 kwa jumla husema reinó, wala hasemi reinaba. Hoja si urefu. Hoja ni kama msemaji aufunga mwisho wa jambo au atuweka katikati yake. Nebrija, katika sarufi yake ya 1492, aliuita wakati uliopita usiokwisha. Andrés Bello, mwaka 1847, aliuita copretérito, maana jambo lake lilikuwapo pamoja na jingine lililopita. Jina hili twalipenda zaidi, kwa kuwa lakaribia kazi ya -ki- yetu.

Na tumfikiri shahidi anenaye habari za mjane aliyeletewa hati. Akisema no quería firmar, maana yake moyo wa mjane ulikuwa haupendi. Kwamba mwishowe alitia sahihi au hakutia, neno halisemi. Lakini akisema no quiso firmar, twaelewa kwamba alikataa, na hati ikabaki bila sahihi. Mfasiri aandikaye "hakutaka" mahali pote pawili ameifuta tofauti iwezayo kumpatia mtu shamba au kumnyang'anya. Tena Kiswahili hakikupungukiwa: la kwanza ni "alikuwa hataki", la pili ni "alikataa". Vivyo hivyo sabía ni "alijua", bali supo mara nyingi ni "alipata habari".

Liko tena quería la dukani, na hili kanuni haiwezi kulieleza hata kidogo. Mnunuzi asemaye quería un kilo de arroz hasimulii mambo ya jana. Ataka mchele sasa hivi, ila aona quiero ni neno kavu mno. Sisi tungeandika "Naomba kilo moja ya mchele". Wachuuzi wenye mzaha hujibu: "Ulikuwa ukitaka? Je, sasa hutaki tena?"